Mzigua wa Columbus: Mafunzo Niliyopata Nikisomea Tamaduni za Watu

Nilikwenda Marekani mwaka 2015 kusomea watu wengine. Nilikuwa mwalimu wa Historia katika sekondari moja mjini Tanga, nimepata ufadhili wa shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja mjini Columbus, Ohio. Programu yenyewe iliitwa Masomo ya Tamaduni Mbalimbali. Ndani yake mlikuwa na historia ya Wamarekani Weusi, ya Wenyeji wa Asili, ya Walatino na ya Wamarekani wenye asili ya Asia, pamoja na somo moja la lazima kuhusu utambulisho. Jirani mmoja aliyekuja kuniaga aliniuliza, "Mwanangu, utamaduni nao unakwenda kusomewa Ulaya?" Sikuwa na jibu la kumpa. Haya ninayoyaandika ni sehemu ya jibu, ingawa limechelewa.

1. Kila kisanduku kina aliyekichora

Kabla sijaingia darasani nilipewa fomu iliyonitaka niweke alama ya vema mbele ya rangi yangu. Nilikaa nayo pale dirishani muda mrefu, hadi karani akadhani sielewi Kiingereza. Nilielewa. Kilichonishinda ni kwamba maishani mwangu sikuwahi kujiandika "Mweusi" mahali popote. Kwetu Ngamiani, mjini Tanga, mtu huulizwa ni mtoto wa nani, anakaa barabara ya ngapi, anaswali msikiti upi. Baba ni Mdigo, mama ni Mzigua, na hata hayo serikali yangu haikuwahi kuniuliza, maana sensa ya Tanzania iliuliza kabila kwa mara ya mwisho mwaka 1967.

Wiki ya kwanza mhadhiri wetu alitandika mezani nakala za sensa za Marekani tangu ile ya kwanza. Mwaka 1790 watu waligawanywa kuwa Weupe huru, wanaume kwa wanawake, watu wengine huru, na watumwa. Hakuna zaidi. Mwaka 1890 makarani waliagizwa watofautishe mwenye nusu ya damu ya Kiafrika, mwenye robo na mwenye thumuni. Nililitazama lile neno la thumuni nikafikiria karani amesimama mlangoni mwa mtu, anamkagua usoni, kisha anaandika. Sensa iliyofuata haikuwa na mgawanyo huo tena. Mwaka 2000 ndipo kwa mara ya kwanza mtu aliruhusiwa kuchagua zaidi ya kundi moja. Watu ni wale wale, wanazaa na kuzikana. Visanduku ndivyo vilivyokuwa vikibadilika, na kila badiliko lilikuwa na mwenye haja nalo.

Nilitaka kuhitimisha hapo kwamba visanduku vyote ni vibaya. Aliyenizuia ni mwenzangu wa darasa, kijana kutoka Kwale, Kenya. Oktoba 2016 alikuwa hashiki kitabu. Macho yote kwenye simu. Wamakonde wa kwao, ambao wazee wao walivuka kutoka Msumbiji na Tanganyika kuja kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walikuwa wametoka Kwale kwa miguu kuelekea Nairobi kudai vitambulisho. Watu waliozaliwa Kenya, wamezeekea Kenya, na hawawezi kufungua akaunti ya benki kwa sababu hawamo kwenye orodha ya makabila. Walifika, na wakatambuliwa kuwa kabila la 43. Mwaka uliofuata Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kuwa la 44. Kijana yule alilia darasani, na hakuna aliyemwambia anyamaze. Mtanzania mimi nilizoea kuona heri katika kutoulizwa kabila. Kwa Mmakonde wa Kwale, kuulizwa na kuandikwa ndiko kulikokuwa uraia.

2. Darasa lile lilipiganiwa

Sikujua kwamba masomo haya yana tarehe ya kuzaliwa. Tarehe 6 Novemba 1968 wanafunzi wa chuo cha San Francisco State, California, waligoma. Umoja wa wanafunzi Weusi ulishikana na muungano wa Walatino, Waasia na Wenyeji wa Asili uliojiita wa Ulimwengu wa Tatu, wakadai wafundishwe historia zao na wadahiliwe watoto zaidi wa jamii zao. Mgomo ulidumu hadi Machi 1969. Polisi waliingia chuoni, mamia wakakamatwa. Mkuu wa chuo wa wakati huo, Hayakawa, naye mtoto wa wazazi wa Kijapani, alipanda juu ya gari la vipaza sauti la wanafunzi akang'oa nyaya kwa mikono yake. Mwisho wake kikapatikana kitivo kizima cha masomo hayo, na vyuo vingine vikafuata.

Niliposoma tarehe hiyo nilikumbuka nyingine niliyokuwa nikiifundisha bila kuifikiria. Tarehe 24 Oktoba 1968, siku 13 tu kabla ya mgomo ule, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Nairobi wakitaka Idara ya Kiingereza ifutwe na fasihi ya Afrika iwekwe katikati ya masomo. Vijana wa California hawakuwa wakiongozwa na Nairobi, wala Nairobi na California. Swali lilikuwa limeiva pande zote mbili za dunia: kwa nini mtoto asomeshwe mpaka amalize shule bila kujikuta mahali popote ndani ya kitabu? Tangu hapo sikukosa kipindi hata kimoja. Niliona kiti nilichokalia kimelipiwa na watu wa rika langu, na wengine walikilipia kwa kifungo.

3. Kuna watu wanatafuta nilichokitupa

Mwezi wangu wa kwanza chuoni nilisema darasani, kwa moyo mweupe, kwamba sisi Afrika Mashariki hatuna tatizo la rangi, kwa hiyo Wamarekani Weusi wangetuiga. Dada mmoja aliyekaa mbele yangu aligeuka. Bibi yake alihama Mississippi kuja Ohio enzi zile Weusi kwa maelfu walipokimbilia miji ya kaskazini kutafuta kazi na usalama. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Wewe ni kabila gani?" Nikamwambia. Akaniuliza na bibi mzaa bibi yangu alikuwa nani. Nikamtajia jina, kijiji na ukoo.

Ndipo akanieleza alivyotafuta ukoo wake. Alirudi nyuma hadi sensa ya 1870, akagota. Hiyo ndiyo ya kwanza kuwaandika Weusi wengi wa Kusini kwa majina yao. Katika sensa za 1850 na 1860 watumwa waliorodheshwa chini ya jina la mwenye kuwamiliki kwa umri, jinsia na rangi, bila majina. Mwanamke, miaka 30, mweusi. Yeye anajua mmojawapo wa wanawake hao ni nyanya wa nyanya yake, na hatajua kamwe ni yupi.

W.E.B. Du Bois aliandika mwaka 1903 juu ya nafsi mbili anazobeba Mmarekani Mweusi, akijitazama kila saa kwa macho ya wanaomdharau. Mzee huyo alihamia Ghana mwaka 1961 na akafia Accra miaka miwili baadaye. Nilikuwa nimemsoma Du Bois kwa ajili ya mtihani. Nilimwelewa siku ile, kwa uso wa dada yule. Sikusema tena darasani kwamba wao watuige.

4. Mzigo wa pili hauonekani kwa aliyebeba mmoja

Hili nalitaja kwa ufupi kwa sababu ndilo lililoingia haraka zaidi. Mwaka 1976 wanawake watano Weusi, Emma DeGraffenreid na wenzake, walishindwa kesi dhidi ya kampuni ya General Motors mjini St. Louis. Walipunguzwa kazi kwa kanuni ya wa mwisho kuajiriwa ndiye wa kwanza kutoka, na wanawake Weusi ndio waliochelewa kuajiriwa kuliko wote. Mahakama ikaona kwamba kampuni iliajiri wanawake, ambao walikuwa Weupe, kwa hiyo jinsia haikubaguliwa. Na kwamba madai ya rangi na jinsia hayawezi kuunganishwa kuwa dai moja. Mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliichambua kesi hiyo mwaka 1989 na kuonyesha pengo wanamotumbukia watu wa namna hiyo.

Nilimkumbuka mama yangu mdogo alipofiwa na mumewe akapokonywa shamba. Kwa wanawake wa mjini alikuwa mshamba asiyejua kusoma. Kwa wanaume wa ukoo wa marehemu alikuwa mwanamke tu. Kila mlango aliobisha alielekezwa mwingine, na shamba halikurudi.

5. Neno moja la maji

Muhula wa pili tulitakiwa kujitolea katika jamii. Nilipangiwa kituo ambako wakimbizi hufundishwa Kiingereza, nikawa mkalimani wa familia za Wakongo waliozungumza Kiswahili. Siku moja ya Januari, theluji imefika magotini, aliingia bikizee mmoja na mjukuu wake. Kwenye daftari la kituo waliandikwa "Wasomali Wabantu". Bibi alikaa, akajikung'uta theluji, akamwambia mjukuu wake ampe *mazi*.

Niligeuka kama niliyeitwa jina. Hivyo ndivyo bibi yangu, mzaa mama, alivyokuwa akiita maji kijijini Kwamsisi, Handeni. Nilikuwa sijalisikia neno hilo tangu tulipomzika.

Nilimsogelea nikamwamkia shikamoo, nikamwambia mimi Mzigua kwa mama. Akanitazama, kisha akamimina maneno. Katika sentensi nzima nilishika matatu. Nilipojibu kwa Kiswahili akanyamaza kidogo, halafu akanijibu kwa Kiswahili alichookota kambini Kenya.

"Mzigua, na lugha hujui?"

"Sijui, bibi."

"Nani kakunyang'anya?"

Sikuweza kumtaja mtu. Nilimweleza kwamba nyumbani tulizungumza Kiswahili kwa sababu baba ni Mdigo, kwamba shuleni kilugha kilikatazwa, kwamba likizo nilikuwa nikikaa mjini. Alisikiliza kwa heshima. Hakuna hata moja kati ya hayo lililofanana na kunyang'anywa, na yeye alikuwa anajua maana ya neno hilo.

Historia yao sikuwahi kuifundisha, nami ni mwalimu wa Historia wa mkoa walikotoka. Katika karne ya 19, hasa nyakati za njaa, Wazigua wengi walitekwa, waliuzwa au walidanganywa kwamba wanapelekwa kwenye kazi na chakula. Walipitishwa bandari za mrima na Unguja, wakashushwa Barawa na Marka kwenye pwani ya Somalia kulima mashamba ya watu. Kuna waliotoroka, wakakimbilia misitu ya Mto Juba na kuanzisha vijiji vyao. Masimulizi yao yanamtaja mwanamke, Wanakhucha, kuwa ndiye aliyewaongoza. Walitaka kurudi Uzigua kwa miguu. Hawakufika, wakabaki mtoni, na Chizigula chao, yaani Kizigua, wakabaki nacho kwa zaidi ya miaka 150, wakiwa wamezungukwa na lugha nyingine. Vita vilipozuka Somalia mwaka 1991 walivamiwa mashambani mwao, wakavuka hadi kambi za Dadaab. Mwaka 1999 Marekani ilikubali kupokea wapatao 12,000, wakahamishiwa Kakuma mwaka 2002, na mwaka uliofuata ndege zikaanza kuwachukua. Wengine walikuwa wamekuja Tanzania moja kwa moja, wakapewa makazi Chogo, mkoani kwetu Tanga, na baadaye uraia. Chogo! Nilikuwa nikipasikia kwenye redio nikidhani ni habari za wakimbizi wa mbali.

Kuhusu jina, bibi alinihesabia vidoleni. Wasomali waliwaita *jareer*, yaani wenye nywele ngumu, na lilikuwa tusi. Wengine waliwaita Wagosha, watu wa msituni. "Wasomali Wabantu" ni jina lililoenezwa na mashirika ya misaada miaka ya 1990, kwa sababu kwenye fomu palihitajika jina. Nikamweleza kwamba "Bantu" ni istilahi ya wanaisimu, iliyoenezwa na Mjerumani Wilhelm Bleek katika karne hiyo hiyo waliyouzwa wazee wake, na kwamba asili yake ni neno la lugha zetu lenye maana ya watu.

"Watu," akasema. "Basi hilo si baya. Lakini mimi Mzigula."

Nilikwenda kwake kila Jumamosi hadi nilipoondoka. Tasnifu yangu ilibadilika. Nilikuwa nimepanga kuandika juu ya vitabu vya kiada vya Ohio. Msimamizi wangu aliniuliza kama nina uhakika. Nilikuwa nao.

6. "Hatuna ukabila" ni kazi iliyofanywa, na ilikuwa na gharama

Wanafunzi wenzangu walipenda kusikia habari za Tanzania: makabila zaidi ya 120, lugha moja, uchifu uliofutwa mwaka 1963, watoto wa Kagera wanaopangiwa shule Mtwara na wa Mtwara Mara. Niliwasimulia kwa fahari, na fahari hiyo ninayo hadi leo. Umoja ule uliokoa maisha ya watu, na anayeudharau hajaishi mahali pasipo nao.

Ila baada ya bibi wa Columbus sikuweza tena kuusimulia nusu. Lugha za mama zilifungiwa nje ya shule na redio, tukafundishwa kuzionea haya. Zipo pia habari tulizozikalia kimya tukidhani kimya ni udugu. Mwambao nilikokulia, hadi utoto wangu, posa ilivunjwa kwa mnong'ono mmoja kwamba familia ile asili yao watumwa. Nilimshuhudia binti wa jirani yetu, msomi na mcha Mungu, akikataliwa hivyo, na wazee waliokataa waliita jambo hilo "kuangalia damu". Hawakuwa na tofauti na karani wa 1890 na thumuni yake.

Na Unguja, katika utawala wa Mwingereza, kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiandikisha kuwa Waswahili walipungua kwa maelfu. Wengi wao wakajiandika Washirazi, Wahadimu au Watumbatu. Hawakuhama wala hawakufa. Jina la Mswahili lilikuwa limeanza kunuka utumwa, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia hata mgao wa chakula ulifuata kundi la mtu. Ninapomsikia leo kijana wa Dar es Salaam akisema "huyo Mswahili" kwa maana ya mjanja au mtu asiye na mpango, namwomba anieleze alilitoa wapi tusi hilo, kwa lugha gani.

Nchi iliyounganika inaweza kuyazungumza haya. Naamini inaweza kwa sababu imeunganika.

7. Uliza kwanza, andika baadaye, kisha rudisha

Kwa anayetaka kusomea fani hii, hapa au ughaibuni, nina neno moja la kazi. Chuo kilinifundisha kuomba ridhaa kwa karatasi yenye sahihi. Bibi alinifundisha iliyobaki. Mara ya kwanza nilipowasha kinasa sauti alikifunika kwa kiganja. Alitaka kujua sauti yake itakaa wapi, nani ataisikiliza, na kama wajukuu zake wataipata. Nilikuwa na jibu kwa swali la kwanza tu. Tulikaa wiki tatu bila kurekodi chochote mpaka nilipopata majibu ya mawili yaliyobaki, na alipokubali alianza kwa kutaja majina ya wazee wake mmoja mmoja, taratibu, ili niyaandike sawasawa. Kwenye tasnifu niliandika Wazigula kama walivyojiita. Jina la kwenye daftari nililiweka mara moja tu, kueleza lilikotoka.

8. Somo lilikuwa limekaa Handeni

Nilirudi Juni 2017. Wiki ya pili nilipanda basi kwenda Kwamsisi kwa mama mkubwa, mtoto wa kwanza wa bibi yangu, nikamchezea sauti zile. Alisikiliza ameinama. Maneno mengine aliyashangaa, akasema bibi yake ndiye aliyekuwa akiyasema na yeye alishayasahau. Mengine, yaliyoingia kutoka Kisomali, aliniuliza ni ya nani. Alipofika kwenye orodha ya majina alinisimamisha, akanitaka nirudishe nyuma, kisha tena. Palikuwa na jina moja la ukoo wetu. Hilo halithibitishi undugu, na tasnifu yangu haidai hivyo, lakini mama mkubwa hakuhitaji tasnifu. Aliingia ndani akavaa kanga nyingine, akatoka akasema, "Nipigie huyo ndugu yangu."

Tangu siku hiyo wanaongea Jumapili. Mimi ndiye mwenye kupiga simu na kununua bando. Miezi ya kiangazi cha kwao, saa kumi alasiri Handeni ni saa tatu asubuhi Columbus, naye huwa ameshakaa anasubiri. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawaomba wanitafsirie. Sasa hawanitafsirii tena, na mama mkubwa amekataa kunijibu kwa Kiswahili nikiwa nyumbani kwake.